Karani Naye Anaponya



Ukifika hospitali, mtu wa kwanza kukuuliza neno si mganga. Ni karani. Ameketi nyuma ya meza yake karibu na mlango, naye anauliza: Jina lako nani? Jina la baba yako? Ulizaliwa mwaka gani, wapi? Umekwisha kuja hapa? Watu wengi wanachukizwa na maswali haya. Wanasema moyoni: mimi ninaumwa, na huyu anataka jina la baba yangu! Wengine wanajibu neno lo lote ili wapite upesi.

Katika kurasa hizi tunataka kukueleza maswali yale ni ya nini, na karatasi zile zinakwenda wapi. Maana tumeona kwamba Wakristo wengi na wagonjwa wengi wanafikiri dawa iko katika sindano na vidonge tu, na biro ni mambo ya Serikali. Si hivyo. Wapo watu walio hai leo kwa sababu karani aliandika vizuri, nao hawajui.

Tuanze na jina. Hapa Kalemie watu wanatoka pande zote: Moba, Nyunzu, Kabalo, Manono, Kongolo, na ng'ambo ya ziwa. Kwa Waluba mapacha wanaitwa Kyungu na Kabange, basi kila jamaa iliyopata mapacha ina Kyungu wake na Kabange wake. Ilunga ni wengi. Ngoy ni wengi. Asubuhi moja wanaweza kuketi Kabange watatu kwenye benchi moja: mmoja ana malaria, mmoja ana kidonda, mmoja anangojea kutiwa damu. Muuguzi anatoka na kuita, Kabange! Nani atainuka?

Fikiri jambo hili. Mtu akitiwa damu isiyopatana na damu yake, mwili unapigana nayo, naye anaweza kufa siku ile ile. Watu wa maabara wamepima bila kosa, na muuguzi amefunga mfuko wa damu bila kosa, lakini kama karatasi ni ya Kabange mwingine, kazi yao yote imegeuka kuwa hatari. Au mtu mwingine mwili wake haupatani na penisilini. Mwaka uliopita alidungwa, akavimba uso, akakosa pumzi, na waganga wakamwokoa kwa shida. Jambo hilo liliandikwa kwa wino mwekundu juu ya fishi yake. Mwaka huu anakuja amezimia, hawezi kusema neno. Nani atamwambia mganga? Fishi tu ndiyo itakayosema, na itasema kama ikionekana.

Kwa hiyo kila mgonjwa anapewa namba yake, na namba ile haitapewa mtu mwingine tena. Majina yanafanana, namba hazifanani. Karani anaandika namba katika kitabu kikubwa, juu ya fishi inayobaki hospitalini, na juu ya kadi ndogo unayokwenda nayo nyumbani. Ukileta kadi, fishi yako inapatikana mara moja. Ukiiacha nyumbani, karani anaanza kutafuta kwa jina katikati ya Kabange wote, na watu walio nyuma yako wanangoja jua kali. Ukisema uongo, kwamba hujafika kamwe, unapewa fishi mpya, na ile ya wino mwekundu inabaki sandukuni.

Biro iliyo safi ina kazi ambayo mgeni haioni. Fishi zinasimama kwa mfuatano wa namba, wala hazilali moja juu ya nyingine, maana fishi iliyolala chini ya nyingine mia ni sawa na fishi iliyopotea. Kila fishi inayotolewa, karani anaweka mahali pake kipande cha katoni chenye tarehe na neno moja: "maabara", au "upasuaji", au "wazazi". Jioni anapita akitazama katoni zilizobaki, naye anakwenda kuzidai fishi zile. Ni jambo dogo. Lakini biro isiyo na katoni hizi, baada ya mwaka mmoja nusu ya fishi ziko mezani kwa watu, nyingine katika mifuko ya makoti, na moja tumesikia imefunga karanga sokoni. Usicheke. Ilikuwa na habari ya mtu ndani yake.

Asubuhi kitabu kinafunguliwa na tarehe inaandikwa kabla ya mgonjwa wa kwanza. Wanaandika kwa bic, si kwa kalamu ya risasi. Karani akikosa, anapiga mstari mmoja juu ya neno lile, anaandika lililo sawa kando yake, na kutia jina lake. Hafuti, habandiki karatasi, wala hachani ukurasa. Kitabu chenye ukurasa uliochanwa hakuna atakayekiamini, hata kama kurasa nyingine zote ni za kweli.

Tena iko fishi ya dawa. Sanduku likiingia, linaandikwa, likitoka, linaandikwa, na mwisho wa mstari iko hesabu ya kilichobaki. Dawa itakayoharibika mapema inawekwa mbele ili itoke kwanza. Katika mji kama wetu, ambako vitu vinakuja kwa mashua, kwa treni na kwa barabara mbaya wakati wa mvua, hospitali inayongoja mpaka sanduku la mwisho liishe ndipo iandike barua ya kuomba, itakaa majuma mengi bila dawa. Mganga hawezi kujua yaliyobaki katika depo wakati anapopasua tumbo la mtu. Anajua yule anayehesabu.

Sasa tunakuja kwenye ugonjwa ambao ndani yake daftari linaonekana wazi kuwa sehemu ya dawa. Ni kifua kikuu.

Mtu mwenye kifua kikuu cha kawaida anatibiwa miezi 6. Miezi 2 ya kwanza anakunywa dawa za namna 4, na miezi 4 inayofuata namna 2. Baada ya majuma machache anasikia nafuu. Kikohozi kinapungua, anakula vizuri, anarudi kuvua au kulima. Ndipo anapojaribiwa kuacha. Lakini wadudu wa ugonjwa hawajafa wote. Wale waliobaki ni wenye nguvu, na akiacha dawa wanaongezeka tena, na safari hii huenda dawa zile zile haziwezi kuwashinda. Naye anawakoholea watoto wake nyumbani. Nani atajua kwamba ameacha? Mganga ana wagonjwa wengine. Jirani wanamwona amenenepa. Anayejua ni mwenye daftari, kwa sababu iko nafasi tupu kwenye mstari wa jina lake.

Ziko habari za mganga mmoja ambaye wengi wetu hatujasikia jina lake. Aliitwa Karel Styblo, mtu wa Czechoslovakia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifungwa katika kambi ya Mauthausen, na huko alishikwa na kifua kikuu. Alipona, akawa mganga wa ugonjwa huo, akaenda kufanya kazi Uholanzi. Tanzania ilianza mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na Styblo akasaidia kuupanga. Hapo ni ng'ambo ya ziwa letu tu. Dawa zilikuwa zimekwisha kujulikana. Katika nchi nyingi zilitolewa, na watu waliendelea kufa, kwa kuwa hakuna aliyejua wangapi walimaliza.

Basi kila wilaya ya Tanzania ikawa na msimamizi wake na daftari lake. Kila mgonjwa aliyeonekana na wadudu katika makohozi aliandikwa. Kila miezi mitatu daftari lilifunguliwa, na wale walioanza dawa katika robo moja ya mwaka walihesabiwa kwa pamoja: wangapi wamepona, wangapi wamekufa, wangapi wamehama, wangapi wameacha, wangapi dawa imewashinda. Hakuna aliyeruhusiwa kukosa mahali. Ukisema "sijui alikokwenda", hiyo nayo ilikuwa na safu yake, na watu wa juu waliiona na kuuliza kwa nini imekuwa ndefu.

Kazi ile ilionyesha kwamba nchi maskini inaweza kuponya watu wengi. Mwaka 1993 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitangaza kwamba kifua kikuu ni hatari kwa dunia nzima, na mwaka 1995 likaeneza kila mahali njia iliyotokana na kazi ya Tanzania na nchi nyingine zilizofuata mfano wake. Njia ile ilikuwa na mambo 5. Moja lao lilikuwa kuandika na kuhesabu. Liliwekwa sawa na darubini na dawa zenyewe. Kongo yetu pia inaifuata njia ile. Unapoona muuguzi akitia alama ndogo katika kadi yako kila unapomeza vidonge, usidhani anacheza.

Mwisho wa mwezi wa pili unaitwa kuleta makohozi tena, na katika mwezi wa tano, na mwishoni. Ukikosa kuja, mwenye daftari anaona. Anampeleka mjumbe wa afya wa mtaa, yule tunayemwita reko, akutafute nyumbani. Lakini atakutafuta wapi, kama uliandika mtaa usio wako kwa kuona haya? Tunawaomba sana katika jambo hili. Kifua kikuu si laana, na karani hatangazi jina lako.

Lazima tuseme neno juu ya siri. Karani anajua mengi: nani ana virusi vya UKIMWI, nani alitoa mimba, nani ametibiwa ugonjwa wa zinaa. Maneno hayo si yake. Biro ina kufuli kwa ajili hiyo, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuingia kusoma fishi za wengine, hata mchungaji, hata mzee wa kanisa, hata mume wa mgonjwa. Karani anayepeleka habari za fishi nyumbani kwake au sokoni hafai kukaa kwenye kiti kile siku moja zaidi. Na wewe usimjaribu. Usimwulize mbele ya kanisa, "Yule mama aliugua nini?"

Kolera, au kipindupindu, inatufundisha jambo jingine. Mwaka 1854 kolera iliingia mtaa mmoja wa London na kuua mamia ya watu kwa siku chache. Wakati ule waganga wengi waliamini kwamba inaletwa na hewa mbaya. Mganga mmoja, John Snow, alifikiri ni maji. Alifanya nini? Alikwenda kwenye biro ya Serikali mahali vifo vinapoandikwa, akaomba majina. Makarani walikuwa wameandika vifo 83 vya siku 3 katika sehemu ile, pamoja na mahali kila mtu alipofia. Snow akaenda nyumba kwa nyumba akiwa na orodha ile, akaona kwamba karibu wote walikufa karibu na pampu moja ya maji, ile ya Broad Street. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukaondolewa. Kama makarani wale wangaliandika "mtu mmoja amekufa London" na kufunga kitabu, Snow angekwenda wapi?

Sisi tunakaa kando ya ziwa Tanganyika, na wengi wanachota maji humo au katika mto Lukuga. Tangu miaka ya 1970 kolera imerudi mara nyingi kwenye pwani hizi. Kwa hiyo, karani akikuuliza mtaa gani, avenyu gani, na maji unachota wapi, usijibu "Kalemie" na kunyamaza. Wagonjwa 5 kutoka avenyu moja kwa siku 2 ni habari kubwa. Inapelekwa upesi biro ya zoni ya afya, Kalemie au Nyemba, na watu wanakwenda kutia klorini mahali penyewe, si mji mzima kwa kubahatisha. Majibu yako yanaweza kumwokoa mtoto wa jirani ambaye bado hajaugua.

(Wala usingoje karani kwanza. Mtu anayeharisha kama maji ya mchele apewe kinywaji njiani: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo, hata akitapika. Hapa kwetu anapelekwa moja kwa moja kitandani, na karani anamwuliza ndugu yake.)

Sasa tunasema na ninyi washiriki wa kanisa. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6 kuna habari ambayo wahubiri wanaipita mbio. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa linagawa chakula kila siku, na wajane wa upande mmoja wakasahauliwa. Angalia vema: chakula kilikuwapo, na upendo ulikuwapo. Hapakuwa na mtu wa kushika mpango. Mitume hawakusema kazi hiyo ni ndogo, achukue ye yote. Walitaka watu 7 wenye sifa njema, wenye Roho na hekima, wakawaombea na kuwawekea mikono. Stefano alikuwa mmoja wao. Na mwisho wa Waraka kwa Warumi yuko Tertio, anayetoa salamu zake katikati ya salamu za Paulo, kwa sababu ndiye aliyeshika kalamu. Paulo alimwachia nafasi aseme jina lake. Tungependa kuona jambo kama hilo katika makanisa yetu. Siku ya kushukuru kwa ajili ya hospitali tunamtaja mganga, tunawataja wauguzi, na mikono inapigwa. Karani yuko nyuma, planto aliyebeba barua juani yuko nyuma, na mama anayefagia biro, ambaye haokoti karatasi ya chini na kuitupa mpaka ameuliza, huyo hata jina hatulijui.

Mambo ya fedha ni magumu zaidi. Ukiomba sadaka kwa ajili ya kitanda, watu wanatoa. Kwa ajili ya darubini, wanatoa. Ukiomba kwa ajili ya kabati la fishi lenye kufuli, wanatazamana. Lakini wakati maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2024 na kuingia katika nyumba za watu wa pwani, kila mtu alijifunza jinsi karatasi zinavyokufa. Mchwa na panya hawangoji hata gharika. Masanduku ya bati, matofali ya kuyainua kutoka chini, mbao za rafu, vitabu vyenye jalada gumu, bic katoni moja, taa ya jua kwa zamu ya usiku: hivi si vitu vya gharama kubwa kwa kanisa zima. Hata palipo na kompyuta, umeme ukikatika watu wanarudi kwenye kitabu.

Tena mlipeni. Karani asiyepata mshahara wake miezi mitatu, tunamfundisha sisi wenyewe kutaka matabishi. Na wewe mgonjwa, usimpe. Ukimpa fedha kidogo ili fishi yako ipande juu ya nyingine, umemwondoa mtu aliyefika alfajiri kutoka Nyemba na mtoto mwenye homa, na kesho mwingine atakuondoa wewe. Anayestahili kupita mbele ni mwenye kuumwa zaidi: mtoto anayetetemeka kwa degedege, mama anayetoka damu. Hao wanapita bure, na karani aliyefundishwa anawatambua kwa macho kabla hawajafika mezani. Hiyo nayo ni kazi yake.

Na msemeshe vizuri. Yeye anasikia watu 100 kwa siku, na kila mmoja ana hasira ya maumivu yake. Umwambie, "Jambo, baba," au "Jambo, mama," kabla ya kutupa kadi mezani.

Kadi zako uziweke pamoja katika mfuko wa plastiki, uzitundike juu mahali pakavu, si chini ya godoro. Usimwazime ndugu kadi yako ili atibiwe kwa jina lako. Hapo fishi yako itasema habari za mwili wa mtu mwingine, na siku moja mganga ataiamini. Kadi ya chanjo ya mtoto uilete kila mara, hata unapokuja kwa ajili ya kidonda tu, maana muuguzi ataona kama amekosa chanjo ya juma la 6, la 10 au la 14, au ile ya surua ya miezi 9. Kadi ikiungua au ikipotea, useme tu. Kitabu kikubwa kina namba yako, na utapewa nyingine.

Ukiwa katika dawa za kifua kikuu nawe unataka kuhama, tuseme unakwenda Moba kwa mazishi au Kigoma kwa biashara, usiondoke kimya. Njoo biro siku 2 kabla ya mashua. Karani atakuandikia karatasi ya uhamisho, yenye namba yako, tarehe uliyoanza, dawa unazokunywa na majibu ya makohozi, nawe utaitoa huko ufikako. Biro inafunguliwa asubuhi. Uje na kadi.